Uzi: Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani hayakumpa mtu kura, yalikataza sababu tu ya kumnyima

#1 KaraniWaRejista

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia inarudi ile kauli kwamba Katiba yao "iliwapa watu weusi haki ya kupiga kura mwaka 1870". Nafungua uzi kwa sababu ukianza na kauli hiyo huwezi kuelewa yaliyotokea miaka 95 iliyofuata.

Ibara yenyewe, yaani hayo Marekebisho ya 15, ni fupi. Kifungu cha 1: haki ya raia wa Marekani ya kupiga kura haitakataliwa wala kupunguzwa, na serikali kuu wala na jimbo lolote, kwa sababu ya asili ya mtu, rangi yake, au kuwahi kwake kuwa mtumwa. Kifungu cha 2: Bunge linaweza kutunga sheria za kuitekeleza ibara hii. Imeisha.

Tafuteni humo maneno yanayosema raia fulani atapiga kura. Hayamo. Nani aandikishwe na kwa masharti gani, hilo liliachwa mikononi mwa majimbo kama zamani. Ibara inakataza sababu tatu. Jimbo likikukataa kwa sababu ya nne, mfano huna risiti ya kodi au hujui kusoma, ibara imenyamaza.

Na ukimya huo haukuwa wa kupitiwa. Seneta Henry Wilson wa Massachusetts alipeleka maneno mapana zaidi, yaliyokataza pia ubaguzi kwa sababu ya mahali pa kuzaliwa, mali, elimu na imani. Yakaangushwa. Wakubwa wa Kaskazini na Magharibi walikuwa na hesabu zao: California haikutaka Wachina wapige kura, Rhode Island iliwabana wahamiaji wa Ireland kwa sharti la mali, na Massachusetts na Connecticut tayari zilikuwa na mtihani wa kusoma. Haki ya kushika madaraka nayo ilikatwa dakika za mwisho. Kilichopita tarehe 26 Februari 1869 ni ile nakala nyembamba. Majimbo yalikuwa 37, zikahitajika idhini 28, zikatimia tarehe 3 Februari 1870. Virginia, Mississippi, Texas na Georgia, zilizokuwa zimeasi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ziliridhia kwa sababu bila hivyo zisingerudishiwa viti vyao Bungeni.

Mwanzoni ilifanya kazi. Tarehe 31 Machi 1870 Thomas Mundy Peterson alipiga kura Perth Amboy, New Jersey, na ndiye anayehesabiwa mweusi wa kwanza kupiga kura chini ya ibara hii. Kilichoilinda lakini hakikuwa maneno yake. Kilikuwa jeshi la serikali kuu lililobaki Kusini na sheria za utekelezaji za 1870 na 1871. Vyote viwili vilipoondoka, maneno yakabaki peke yake.

#2 Mwamba wa Pangani

Nakazia, na niongeze vifaa vilivyotumika, maana watu husikia "walinyimwa" bila kujua walinyimwaje.

Chukua katiba ya Mississippi ya 1890, ndiyo iliyofungua njia. Humo hakuna mahali palipoandikwa mtu mweusi asipige kura. Kuna hivi: uwe umekaa jimboni miaka 2 na kwenye eneo lako la kura mwaka 1. Uwe umelipa kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka, kwa miaka miwili iliyotangulia, kabla ya tarehe 1 Februari ya mwaka wa uchaguzi. Usiwe na hatia ya makosa kadhaa yaliyoorodheshwa. Na kuanzia Januari 1892, uweze kusoma kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au ukisomewa ukielewe, au ukieleze kwa namna ya kuridhisha.

Sasa angalieni kila sharti linauma wapi. Muda wa kukaa unampiga mkulima wa kugawana mazao, ambaye kila mwaka anahamia shamba jingine. Tarehe 1 Februari ni miezi tisa kabla ya kura ya Novemba, kwa hiyo risiti ya kikaratasi inatakiwa itunzwe miezi yote hiyo, na wakati wa kulipa hakuna hata kampeni ya kukukumbusha. Orodha ya makosa ilichaguliwa kwa kukisia makosa ambayo watu weusi ndio wangekutwa nayo zaidi: wizi na uchomaji moto umo, mauaji na ubakaji havikuwamo.

Hiyo kodi ya kichwa msiichanganye na ile ya mkoloni huku kwetu. Ile ya kwetu usipolipa unafuatwa na askari. Ya Mississippi ilikuwa kinyume: katiba yenyewe ilikataza mtu asishtakiwe kwa kutoilipa. Walikuwa wanaomba usilipe. Alabama mwaka 1901 wakafanya deni lirundikane: dola 1.50 kila mwaka kuanzia miaka 21 hadi 45, yaani aliyechelewa kabisa alikuwa anadaiwa dola 36 ndipo aguse karatasi ya kura.

#3 Chausiku_K

Lakini mkuu, masharti hayo si yangewakumba pia weupe maskini? Kusini walikuwa wengi tu wasiojua kusoma.

#4 Mwamba wa Pangani

Yaliwakumba, na wengi walipotea kwenye daftari. Ila waliachiwa milango ya nyuma miwili.

Wa kwanza ni karani. Katiba ya Mississippi ilikuwa na vifungu 285. Karani ndiye anayechagua usomewe kipi, na ndiye anayeamua kama maelezo yako "yanaridhisha". Huyu anapewa kifungu cha mstari mmoja, yule anapewa kinachohusu hesabu za ushuru. Hakuna majibu sahihi yaliyoandikwa popote na hakuna pa kukatia rufaa ya maana. Wa pili ni "kifungu cha babu", Louisiana 1898: kama wewe, baba yako au babu yako mlikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867, unasamehewa mtihani na mali. Tarehe hiyo ilitafutwa kwa makusudi, iko kabla weusi wa Louisiana hawajaandikishwa. Waandikishwaji weusi wa Louisiana walikuwa 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1900 walibaki 5,320, na 1904 wakawa 1,342.

#5 WakiliMkavu

Chausiku, swali linalofuata ni mahakama zilikuwa wapi. Zilikuwepo, na ndizo zilizofungua mlango.

Kesi ya United States v. Reese, 1876. Lexington, Kentucky: William Garner, mweusi, amekwenda kulipa kodi ya kichwa ya dola 1.50, mkusanyaji kakataa kuipokea, kisha wasimamizi wa uchaguzi wakamkatalia kura kwa sababu hana risiti. Sheria ya 1870 iliandikwa kwa kesi kama hii hasa. Mahakama ya Juu ikasema mambo mawili: Marekebisho ya 15 hayampi mtu haki ya kura, yanampa kinga dhidi ya kubaguliwa. Na vifungu vya adhabu vya sheria ile havikujifunga waziwazi kwenye ubaguzi wa rangi, kwa hiyo vimezidi mamlaka ya Bunge. Vikafa. Siku hiyohiyo ikatoka Cruikshank, iliyowaachia weupe waliotiwa hatiani kwa mauaji ya watu weusi huko Colfax, Louisiana, mwaka 1873.

Williams v. Mississippi, 1898: masharti ya 1890 hayataji rangi, na mlalamikaji hakuonyesha jinsi yalivyotekelezwa kwa ubaguzi, hivyo yanabaki. Kisha Giles v. Harris, 1903, ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Jackson Giles wa Montgomery, Alabama, alidai kwamba mfumo mzima wa uandikishaji ni udanganyifu, akaomba mahakama iamuru aandikishwe. Jaji Holmes akamjibu kwa mzunguko: kama mfumo wote ni udanganyifu, mahakama itauponyaje kwa kukuongeza wewe ndani yake? Tena hatuna uwezo wa kusimamia uchaguzi wa jimbo zima, nenda kwa wanasiasa. Wanasiasa ambao hakuwa na kura ya kuwachagua.

#6 KaraniWaRejista

Wakili umegusa penyewe. Niongeze tatizo jingine ambalo wanasheria wachanga hulisahau: hata siku mlalamikaji aliposhinda mahakamani, ushindi ulikuwa wa kifaa kimoja, na jimbo lilikuwa na kingine mfukoni.

Oklahoma ilikuwa na kifungu cha babu, tarehe yao 1 Januari 1866. Kesi ya Guinn, 1915, ikakifuta. Mwaka 1916 jimbo likatunga sheria mpya: aliyepiga kura 1914 anabaki kwenye daftari moja kwa moja, wengine wote wana siku 12 za kujiandikisha, kuanzia 30 Aprili hadi 11 Mei, na aliyekosa amekosa maisha. Waliopiga kura 1914 ni nani? Ni walewale waliopitia kifungu cha babu. Mahakama ilikuja kuiondoa sheria hiyo mwaka 1939, kwenye Lane v. Wilson. Kutoka 1915 hadi 1939, hesabuni wenyewe.

Au Texas na kura za maoni za chama (Wakenya wanaita mchujo). Kusini yote ilikuwa ya chama kimoja, Democratic, kwa hiyo ukishinda kura za maoni umeshinda ubunge. Texas ikatunga sheria ya kuwazuia weusi kwenye kura za maoni. Ikafutwa 1927. Wakakipa chama mamlaka ya kuamua nani apige. Ikafutwa 1932. Mkutano mkuu wa chama ukajiamulia wenyewe bila sheria, na mwaka 1935 mahakama ikasema hicho ni chama cha watu binafsi, Katiba hailengi watu binafsi. Ikabidi kusubiri Smith v. Allwright, 1944. Na hata hapo, kaunti ya Fort Bend ilikuwa na klabu ya weupe, Jaybird, iliyofanya kura zake kabla ya kura za maoni za chama. Hiyo ilifikiwa 1953.

#7 Bakari wa Makorora

Ngoja niwarudishe nyumbani kidogo, maana kuna kulinganisha kunakofaa. Tanganyika 1958 na 1959: kura tatu. Mpiga kura mmoja alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Viti 30, kumi kwa kila rangi, wakati Waafrika ndio karibu nchi nzima. Na kuandikishwa ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya darasa la nane au wadhifa unaotambuliwa. TANU walibishana Tabora Januari 1958 kama washiriki au wasusie, wakaamua kushiriki, mwenzao Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake.

Kwetu rangi iliandikwa kwenye karatasi ya kura, kila mtu anaiona. Mississippi haikuandikwa popote. Ndiyo maana kura tatu ziliondoka kwa haraka na mambo ya Mississippi yalichukua karne.

#8 Wanjiru_Katiba

Linganisho zuri, ila tusiishie kwa ukoloni. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 38(3), inasema kila raia mtu mzima ana haki, bila vizuizi visivyofaa, ya kuandikishwa, kupiga kura ya siri na kugombea. Hiyo ni haki inayotolewa, si sababu inayokatazwa. Mahakamani tofauti ni ya mzigo wa ushahidi. Kwa namna ya Kenya unaanza kwa kusema "mimi ni raia mtu mzima, nimezuiwa", na aliyekuzuia ndiye anaeleza kizuizi chake kinafaa vipi. Kwa Marekebisho ya 15 unaanza kwa kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa aliyekuzuia.

Nani aeleze basi sheria ya 1965 ilibadilisha nini?

#9 WakiliMkavu

Ilibadilisha hilo hasa: nani athibitishe, na lini.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya waandamanaji kupigwa kwenye daraja la Edmund Pettus, Selma, Alabama. Ilitungwa kwa kutumia kile kifungu cha 2 cha ibara ambacho kilikuwa kimelala. Sehemu zake zilifungamana hivi.

Kifungu cha 4(b) kilitoa kanuni ya kupata maeneo yenye historia mbaya: je, tarehe 1 Novemba 1964 eneo lilikuwa na mtihani wa kusoma au kifaa kama hicho, na je, walioandikishwa au waliopiga kura ya urais ya 1964 walikuwa chini ya nusu ya watu wazima? Yote mawili yakiwa ndiyo, eneo limenaswa na mitihani inasimama hapohapo. Kifungu cha 5 kikasema eneo lililonaswa halibadilishi kitu chochote cha uchaguzi bila kibali cha kabla. Chochote. Hata kuhamisha kituo cha kura kutoka shule moja kwenda nyingine.

Utaratibu: kaunti inapeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu kanuni ya zamani, kanuni mpya, sababu, na takwimu za nani ataguswa. Siku 60. Akinyamaza, endelea. Akitaka maelezo zaidi, siku zinaanza kuhesabiwa upya zikishapatikana. Akipinga, mabadiliko hayana nguvu. Njia nyingine ni kwenda mahakama ya Washington, D.C. Kwa vyovyote, kaunti ndiyo inayothibitisha kwamba mabadiliko hayana nia wala athari ya ubaguzi. Mpiga kura haajiri wakili.

Mississippi, weusi walioandikishwa: asilimia 6.7 kabla ya sheria, 59.8 mwaka 1967.

#10 Chausiku_K

Halafu 2013 wakaifuta?

#11 WakiliMkavu

Hapana, na hapa vyombo vya habari hukosea kila siku. Shelby County v. Holder, 25 Juni 2013, kura 5 kwa 4, ilifuta kifungu cha 4(b), ile kanuni, kwa hoja kwamba takwimu zake ni za miaka ya 1960 na 1970. Kifungu cha 5 hakikuguswa. Kimebaki kitabuni bila orodha ya wa kuwabana. Bunge lilikuwa limeongeza muda wa sheria 2006 kwa miaka 25, Seneti kura 98 kwa 0, lakini kanuni halikuigusa. Uvivu huo, au woga huo, uligharimu.

Texas ilitangaza siku hiyohiyo kwamba sheria yake ya kumdai mpiga kura kitambulisho itaanza kutumika. North Carolina ikapitisha furushi la masharti, na 2016 mahakama ya rufaa ikakuta yaliwalenga weusi kwa usahihi kama wa kisu cha daktari wa upasuaji.

Baada ya hapo kazi ikabaki kwa kifungu cha 2 cha sheria hii ya 1965 (si kile cha ibara), kinachokataza ubaguzi wa rangi kwenye kura nchi nzima, lakini chenyewe unashtaki baada ya madhara. Marekebisho ya 1982 yalisema huhitaji kuthibitisha nia, matokeo yanatosha. Kwenye kesi za mipaka ya wilaya za uchaguzi, kipimo kiliwekwa na kesi ya Gingles, 1986: kundi liwe kubwa na lililokaa pamoja kiasi cha kuweza kuwa zaidi ya nusu ya wilaya moja ya uchaguzi. Liwe linapiga kura kwa mwelekeo mmoja. Na weupe wawe wanapiga kwa pamoja kiasi cha kumwangusha mgombea wa kundi hilo mara nyingi. Kwa kipimo hicho, ukivuka hayo matatu ndipo mahakama inatazama mazingira yote.

#12 Mwamba wa Pangani

Kwa wasioona mipaka inahusianaje na haki ya kura, hesabu ndogo. Kaunti ina viti 5 na weusi ni asilimia 40. Kila kundi linapiga upande wake. Viti vyote vikipigiwa kura na kaunti nzima, weusi wanapata 0, kila mara. Ukigawa wilaya tano kwa kufuata makazi, wanaweza kupata 2. Ukiwatawanya sawasawa kwenye wilaya zote tano, 0 tena. Ukiwarundika kwenye wilaya moja, 1. Kura zilezile, watu walewale, hakuna aliyezuiwa kituoni.

Tuskegee, Alabama, 1957 hawakujisumbua hata kuficha. Mji ulikuwa mraba, wakaukata ukawa umbo la pande 28, na kati ya wapiga kura weusi 400 hivi wakabaki 4 au 5 ndani ya mpaka. Mweupe hakutoka hata mmoja. Hiyo ni Gomillion v. Lightfoot, 1960, na walalamikaji walishinda kwa Marekebisho ya 15 yenyewe, ramani ikiwa ndiyo shahidi.

#13 KaraniWaRejista

Na tofauti ya kuzuia kabla na kushtaki baada mtaiona Alabama hii ya juzi. Viti 7 vya Baraza la Wawakilishi, weusi ni kama asilimia 27, na kwenye ramani ya 2021 wilaya yenye weusi wengi ilikuwa 1. Walalamikaji walileta ramani 11 za mfano zenye wilaya 2, wakashinda mahakama ya chini Januari 2022. Februari Mahakama ya Juu ikasimamisha amri hiyo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika kwa ramani ileile iliyolalamikiwa. Juni 2023, Allen v. Milligan, wakashinda 5 kwa 4. Ramani mpya ikatumika 2024. Muhula mzima wa wabunge umekwenda, na huwezi kuurudia. Chini ya kibali cha kabla ramani ile isingetoka mlangoni bila kuthibitishwa kwanza.

Tena Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 8, yenye majimbo saba kuanzia Arkansas hadi North Dakota, iliamua kwamba mtu binafsi hawezi kushtaki kwa kifungu cha 2, ni Mwanasheria Mkuu pekee. Sasa kesi nyingi za kifungu hicho zililetwa na watu binafsi na vyama vyao. Fikirini.

#14 Bint Uvira

Uzi mzuri. Naomba niuteremshe kwa Waswahili walioko Marekani, maana Wakongo, Warundi, Wasomali wanaosema Kiswahili na wengine wamekwisha kuapa uraia na wanauliza haya haya.

Kwanza, msiojaaliwa uraia bado: msijiandikishe. Wakati wa kuomba leseni ya udereva, katika majimbo mengi karani anatakiwa kukupa nafasi ya kujiandikisha, ni sheria ya 1993, na fomu ina kisanduku cha kuthibitisha kuwa wewe ni raia. Watu hutia alama bila kusoma. Kudai uraia kwa uongo na kupiga kura bila kuwa raia ni kosa la serikali kuu na linaweza kukufukuzisha nchini hata ukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu.

Pili, karatasi ya kura ya Kiswahili msiitegemee. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa 1975, kinalazimisha lugha nyingine pale wanaohitaji wanapozidi watu 10,000 au asilimia 5 ya raia watu wazima, lakini kinahesabu makundi manne tu: wenye asili ya Kihispania, ya Asia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo hata mkiwa laki. Kaunti ikitafsiri, si kwa kulazimishwa na kifungu hiki.

Kinachowafaa ni kifungu cha 208 cha sheria hiyohiyo: asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma au kuandika, anaweza kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe amsaidie.

#15 Chausiku_K

Dada, msaidizi anaweza kuwa mtoto wa miaka 15? Wazazi wengi hutegemea watoto kwa Kiingereza.

#16 Bint Uvira

Kifungu hakitaji umri wala uraia wa msaidizi. Kinakataza watu wawili: mwajiri wako au wakala wake, na kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Kwa hiyo msimamizi wa kiwandani aliyewabeba kwenye basi hadi kituoni hafai, hata kama ndiye pekee anayejua Kiswahili. Mtoto anafaa. Majimbo mengine humpa msaidizi fomu ya kusaini kabla, kwa hiyo fikeni mapema, na mseme mnataka msaidizi kabla ya kuchukua karatasi.